Kabureta iacheni kwanza: maswali yenu ya injini za zamani

Maswali ya safari hii ni mengi na karibu nusu yanaanza vilevile, "nimefungua kabureta nimeisafisha nimeirudisha ila gari bado". Nimeokota machache, mengine yanafanana nimeyaunganisha.

Nina Land Rover ya zamani, petroli 2.25, ikiwa sailensa (inanguruma polepole bila kukanyaga mafuta) inatetemeka na kwenye mlima haina nguvu. Kabureta nishaifungua mara kibao. Nifanyeje?

Kwanza weka bisibisi chini mkuu. Kabureta ndo kitu cha mwisho kugusa, sio cha kwanza, na sababu yake sio ushabiki. Ukiseti mchanganyiko wa mafuta na hewa wakati kuna valvu haifungi vizuri au taimingi (wakati cheche inaporuka kwenye plagi) imechelewa, unakuwa umeiseti kabureta ifiche ugonjwa wa sehemu nyingine, halafu siku ukitibu ule ugonjwa wenyewe kabureta inakuwa imeharibika seti. Kwa hiyo mpangilio ni huu: pima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), seti valvu, angalia plagi, seti pointi (vile viswichi vya ndani ya distribyuta vinavyokata umeme wa koili), halafu taimingi, halafu ndo uje kwenye kabureta. Usiruke hata moja. Pointi lazima zije kabla ya taimingi kwa sababu pengo la pointi likibadilika kidogo tu na taimingi inahama, wewe ukianza na taimingi utairudia tena.

Kompresheni ipime injini ikiwa imepata moto, toa plagi ZOTE sio moja moja, chomoa waya wa koili (inayokuza umeme wa plagi), kanyaga akselereta mpaka mwisho ndo upige stata. Usihangaike sana na namba kubwa au ndogo, angalia silinda zinatofautianaje. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Ikibaki palepale, ugonjwa uko kwenye valvu. Mbili zilizopakana zikiwa chini kwa pamoja, fikiria gasketi ya silinda hedi. Hapo ushajua unashughulika na nini na hujatumia hata senti.

Kuseti valvu naogopa, sijui ipi imefunga na ipi imefungua. Kuna njia rahisi?

Ipo, na ni nzuri mpaka unajiuliza kwa nini mafundi wengine wanaificha. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja yenye valvu 8, zihesabu toka mbele 1 mpaka 8, halafu kumbuka namba 9. Zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki (toa plagi iwe nyepesi) mpaka valvu ya 8 iwe imekandamizwa chini kabisa, hapo seti ya 1. Ya 6 ikiwa chini seti ya 3, ya 5 ikiwa chini seti ya 4, yaani iliyo chini ukijumlisha na unayoseti lazima ipatikane 9. Basi.

Kwenye hiyo Land Rover 2.25 pengo kati ya roka na mkia wa valvu ni 0.25 mm. Fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) ikipita ikiwa inateleza tu bila kukwaruza bado pengo ni kubwa, ikigoma mpaka inajikunja ushabana sana, unataka uivute usikie inang'ang'ania kidogo lakini inakuja. Ukishafika hapo kaza loknati (nati inayoshika skrubu ya kusetia valvu) huku bisibisi umeishikilia isizunguke, HALAFU pima tena, maana karibu kila mara ukikaza ile nati seti inahama. Hapa ndo wengi wanapoharibu, wanapima, wanakaza, wanafunga kava, kesho wanashangaa.

Wa Volkswagen Beetle msitumie hesabu ya 9, injini yenu imelala na silinda ziko pande mbili. Nyie ni 0.15 mm injini ikiwa ya baridi kabisa, afadhali iwe imelala usiku mzima. Rota (kile kidude kinachozunguka ndani ya distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi) ielekee kwenye alama iliyo mdomoni mwa distribyuta, seti valvu mbili za silinda ya 1, halafu zungusha puli nusu mzunguko KURUDI NYUMA uende ya 2, tena nusu ya 3, tena nusu ya 4. Ukizungusha kwenda mbele mfuatano ni 1-4-3-2, ndo maana mnarudi nyuma.

Na jamani, valvu inayogonga gonga kidogo isiwatishe kuliko ile iliyobana ikanyamaza. Iliyobana haikai vizuri kwenye siti yake, na pale kwenye siti ndo inapopumulia joto, kwa hiyo inaungua huku wewe unasifia injini haina kelele.

Pointi zangu mpya zinaungua haraka, zinakuwa nyeusi na gari linaanza kumisi. Ni feki?

Inawezekana, ila anza na kondensa. Kazi yake ni kumeza ule umeme unaotaka kuruka pointi zikifunguka, ikifa cheche zinabaki kwenye pointi badala ya kwenda kwenye plagi. Toa kifuniko cha distribyuta usiku, mtu apige stata, wewe angalia pointi zinavyofunguka: cheche kubwa ya njano hapo ni kondensa au umeme umezidi. Kuzidi kunatokea sana kwa wale waliobadilisha koili bila kuangalia kama gari lao linatumia balasti, yaani ile rezista ya kupunguza volti. Koili ya balasti huwa na kama 1.5 ohm, ya kawaida ya volti 12 huwa na kama 3. Ukifunga ya 1.5 bila balasti, pointi hazina maisha.

Kingine kidogo watu wanakidharau: fila geji inakuwa na oili, unapima pengo nayo, ile oili inabaki kwenye uso wa pointi na inaungua. Pitisha kipande cha kadi safi katikati yake ukimaliza. Pia paka grisi kiduchu pale kisigino cha pointi kinapokanyaga kamu, kisigino kikilika pengo linapungua na taimingi inachelewa yenyewe polepole, gari linakuwa zito na hujui limeanza lini.

Injini imekaa miaka imejam, nikipiga stata inalia "tik" tu. Tuivute na gari lingine?

Hapana hapana hapana. Hiyo ndo njia ya kuvunja ringi au kukunja konrodi. Toa plagi, mimina kwenye kila silinda oili ya kulegeza kutu, wengi wanachanganya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu na inafanya kazi vizuri (mbali na moto, asetoni inawaka kama petroli), iache siku kadhaa huku unaongeza. Halafu weka gia fri na spana ndefu kwenye nati ya krenki, usilazimishe upande mmoja, isukume mbele nyuma mbele nyuma, ikishasogea hata upana wa ukucha umeshinda. Kabla ya kuiwasha mwaga oili yote, weka mpya, na siku ya kwanza piga stata bila plagi mpaka presha ya oili ipande.

Petroli isiyo na risasi (ile metali, lead) inaua injini za zamani, kweli?

Zingine ndiyo, polepole. Ile risasi ilikuwa inalinda siti za valvu za egzosi, bila hiyo siti laini za chuma cha kawaida zinalika na valvu inazama. Sasa hivi huna uchaguzi, Algeria ndo ilikuwa nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari na iliacha 2021. Dalili yake ni hii, pengo la valvu za egzosi linajipunguza lenyewe kila ukipima. Kama halipungui endesha gari lako kwa amani, siku ukifungua hedi kwa shida nyingine ndo uwekewe siti ngumu. Ninachohofia zaidi ni ethanoli (aina ya alkoholi) kwenye petroli, inalainisha paipu za mpira za zamani, hizo badilisha zote, moto wa gari hauna mzaha.

Kuna uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Gasketi imekwenda?

Vuta dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Kama oili yake ni safi na maji ya radieta hayapungui, huo ni unyevu tu wa safari fupi fupi. Dipstiki nayo ikiwa na uji, usiwashe.

Nina kabureta mbili za SU (aina ya kabureta ya Kiingereza), nishafanya yote uliyosema, sasa nazisetije?

Wewe ndo msomaji wangu. Fungua milango ya gereji kwanza, moshi wa egzosi una monoksidi ya kaboni na haina harufu. Injini ipate moto, legeza zile klampu zinazounganisha kabureta mbili, chukua kipande cha paipu, ncha moja sikioni nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mvumo. Rekebisha skrubu za sailensa mpaka mivumo ifanane.

Mchanganyiko sasa: inua pistoni ya kabureta moja kidogo sana, kama 0.8 mm, kuna kapini kake kwa chini. Injini ikiongeza mzunguko na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ikishuka au ikitaka kuzima, mafuta ni kidogo. Ikipanda kidogo halafu ikarudi palepale, umepata. Nati iko chini ya jeti (tundu linalotoa mafuta), kuipandisha ni kupunguza mafuta, kuishusha ni kuongeza, na izungushe ubapa mmoja tu kwa wakati halafu usikilize. Ukigusa moja rudi uiangalie na ya pili maana zinasikilizana.

Nibadilishe pointi niweke ya elektroniki?

Kama huna muda wa kuseti pointi, weka, gari linawaka vizuri na taimingi haihami hami. Ila pima ohm za koili yako kabla hujanunua moduli (kifaa cha elektroniki kinachokaa badala ya pointi), kila moduli ina kiwango chake na ukikosea inakufa bila hata kukupa dalili. Pointi zako na kondensa viweke kwenye buti pamoja na bisibisi.