Barua kwa mwanangu: kipa wa pili ugenini

Mwanangu Salum,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku, nikaurudia alfajiri baada ya swala. Unauliza: "Baba, niende Afrika Kusini nikawe kipa wa pili, au nibaki hapa ninapodaka kila wiki?" Sikukupigia kwa sababu kwenye simu ningekujibu kwa neno moja, na neno moja lisingekutosha.

Nenda. Lakini usisaini bado.

Hofu yako kubwa naiona ni benchi. Kipa si winga, mwanangu. Winga akifika miaka 29 watu wanaanza kumhesabia siku, kipa umri huo ndiyo kwanza macho yanafunguka. Mtazame Denis Onyango, kipa wa Uganda. Alitoka SC Villa ya Kampala, akapita St George ya Ethiopia, akatua SuperSport United ya Afrika Kusini mwaka 2006 akiwa kijana wa miaka 21, kama wewe leo. Mamelodi Sundowns, klabu ya hukohuko, alifika 2011, na huko nako kuna wakati hakuwa chaguo la kwanza, hata akatolewa kwa mkopo kwenda Bidvest Wits. Taji la Ligi ya Mabingwa Afrika alilibeba 2016. Piga hesabu mwenyewe: miaka kumi tangu akanyage nchi ile. Mwaka uleule Uganda ikafuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1978, langoni akiwa yeye, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakampa tuzo ya mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika. Ile penalti ya Sadio Mané wa Senegal aliyoipangua kule Misri 2019, ambayo mimi na wewe tuliiangalia pale kibandani kwa fundi redio hadi ukamwaga chai yangu, aliipangua akiwa na miaka 34.

Na Ali Al-Habsi, kipa wa Oman, unajua ninavyompenda. Pale Bolton, Uingereza, alikaa miaka nyuma ya kipa Jussi Jääskeläinen. Alipokwenda Wigan, klabu nyingine ya hukohuko, kwa mkopo mwaka 2010, msimu huohuo wakamchagua mchezaji wao bora. Kipa aliyekuwa anaoza kwenye benchi asingeweza hilo. Miaka yote ile alikuwa kazini, sema kamera hazikuwepo.

Hapo ndipo swali lako lilipo hasa. Kuna benchi la kusubiri na kuna benchi la kusahauliwa, na tofauti yake huioni siku ya mechi, unaiona Jumanne asubuhi. Nani anakupigia krosi? Kocha wa makipa ni nani, amewahi kumkuza nani, na ana makipa wangapi mikononi? Wakiwa wanne, zamu yako ya kupigiwa mashuti inakuwa ndogo. Kipa wa pili atacheza mechi zipi? Waulize kama watakupa dakika kwenye ligi ya timu za akiba, ile Diski Challenge, na kwenye vikombe. Muulize wakala wako mambo hayo. Akianza kukusimulia habari za nyumba na gari, jua hajui.

Kuna jambo moja linanipa moyo. Kule nafasi za wachezaji wa kigeni zina kikomo, na makipa wazuri wao wenyewe wanao. Kipa wao Ronwen Williams alidaka penalti nne dhidi ya Cape Verde kwenye AFCON ya 2023, iliyochezwa mwanzoni mwa 2024. Klabu haimpi kipa mgeni nafasi hiyo kwa mapambo. Wakikuita, wana mpango na wewe, au kipa wao namba moja yuko mbioni kuondoka. Waulize ni lipi kati ya hayo mawili. Ukiuliza kwa adabu hawatakasirika.

Sasa nikwambie yangu, ambayo sikuwahi kukusimulia yote.

Nilipokwenda Oman kudaka nilikuwa na mikono mizuri kuliko yako, mama yako shahidi. Nilichokosa ni sauti. Mechi yangu ya pili ilitoka krosi ya kulia, nikatoka nikapiga kelele, "Yangu!", neno ambalo kwetu Tanga, uwanjani Mkwakwani, beki akilisikia anainama hapohapo. Yule beki alikuwa mtu wa bara ya Oman, Kiswahili hakijui hata kidogo. Akaruka. Kichwa chake kikanipiga kifundo cha mkono, mpira ukadondoka katikati yetu, mshambuliaji wao akausukuma nyavuni bila haraka. Kocha hakunisema kitu. Mechi iliyofuata hakunipanga. Usiku ule nilikaa kitandani na barafu mkononi, nikimwomba niliyelala naye chumba anifundishe: *yamin*, *yasar*, *itlaa*. Kulia, kushoto, toka. Yamini nilikuwa naijua tangu chuoni, ila sikuwahi kufikiri kwamba ni neno la kumwambia beki. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, jifunze maneno ya langoni kwa Kizulu na Kiingereza chao cha uwanjani. Mpigie yeyote aliyecheza kule, muulize beki wanamwambiaje akae, wanamwambiaje auache mpira.

Mkataba ndio ulioniumiza zaidi. Niliusaini kwa Kiarabu. Herufi nilikuwa nazisoma, maana sikuielewa. Miezi mitatu ikapita bila mshahara, na pasipoti yangu iko kwenye droo ya ofisi yao. Jirani akanipeleka kwa bibi mmoja pale Muscat, mzaliwa wa Zanzibar. Akanikaribisha kahawa na halua, akafuta miwani yake kwa ncha ya mtandio, akaweka kidole chini ya mstari na kwenda nao polepole kutoka kulia. Kidole kikasimama. "Mwanangu," akasema, "hapa wameandika utalipwa timu ikipata mfadhili." Nauli ya kurudi Tanga walinichangia yeye na majirani zake. Nilikuwa na miaka 24, na sikudaka tena kwa malipo.

Siku zenu kuna kinga ambayo sisi hatukuwa nayo. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili kinyume cha mkataba, unaiandikia barua na kuipa siku 15 ilipe. Zikipita bila kulipwa, una haki ya kuvunja mkataba. Kwa maandishi, Salum. Malalamiko ya mdomoni hayahesabiki. Na pasipoti yako ilale kwenye begi lako.

Kuhusu hali ya hewa, ukiwa Johannesburg utakuwa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na wewe umekulia mchangani Raskazone, ufukweni Tanga. Hewa kule ni nyepesi, mpira wa mbali unakuja kwa kasi usiyoizoea na haushuki pale unapoutarajia. Wiki za kwanza utafungwa mabao ya kijinga mazoezini. Yategemee, usianze kubadilisha namna unavyosimama kwa sababu yake.

Unasema pia kwamba ukibaki utaitwa timu ya taifa. Huenda. Lakini hapo ulipo mnafanya mazoezi na kocha mmoja anayefundisha mabeki, viungo na makipa kwa wakati mmoja, na wewe mwenyewe uliniambia mwezi wa Ramadhani kwamba tangu msimu uanze hakuna aliyekusahihisha miguu. Hilo ndilo lililonifanya niseme nenda.

Mama yako ameshaanza kuuliza bei ya makoti ya baridi. Nimemwambia asubiri.

Jumapili sitoki nyumbani tangu alasiri. Utafute huo mkataba wote, si ile picha ya ukurasa wa kwanza aliyokutumia wakala, halafu nipigie unisomee mstari kwa mstari. Hata tukimaliza usiku wa manane.

Baba yako