Kupandikizwa Mfupa wa Taya: Uliza Kabla Jino Halijang'olewa

Ukiambiwa jino halina dawa tena na lazima ling'olewe, wengi wetu huuliza bei, kisha huuliza kama litauma. Nakusihi uongeze swali jingine, na uliulize kabla ya sindano ya ganzi: mfupa uliolishika jino hili utakuwaje likishatoka? Jibu lake linaweza kuamua kama baadaye utawekewa jino la kudumu kwa wepesi, au utapitia upasuaji niliopitia mimi.

Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi. Kila unapotafuna, mzizi wa jino huukandamiza kidogo, na mkandamizo huo ndio unaoufanya uendelee kujijenga. Jino likitoka kazi imekwisha, na mwili huanza kuumeng'enya mfupa ule polepole. Madaktari waliopima mapengo ya magego walikuta kwamba ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo maana mtu aliyekaa miaka mingi bila meno mashavu humbonyea, na meno ya bandia yaliyokuwa yakimkaa sawasawa huanza kucheza mdomoni.

Gego langu la chini liling'olewa zamani, lilipopasuka hadi kwenye mzizi. Pengo halikuniuma, halikuonekana nikicheka, nikalisahau. Miaka ikapita, nikaamua kuwekewa jino la kudumu, lile la skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya taya na kuvishwa jino juu yake. Daktari akanifungulia picha kwenye kompyuta, akanionyesha ukingo wa taya ulivyokonda. Skrubu ingetokeza ubavuni. Ikabidi mfupa uongezwe kwanza.

Wengi hudhani ukipandikizwa mfupa unawekewa mfupa mzima unaoanza kazi siku hiyohiyo. Sivyo. Mara nyingi unachowekewa ni chembechembe mfano wa chumvi ya mawe, na kazi yake ni kama ya jukwaa la miti ambalo mafundi hulifunga wanapojenga ghorofa: chembe za mwili wako hupanda juu yake, mishipa midogo ya damu hupenya katikati, na mfupa mpya unaojengeka hapo ni wako mwenyewe. Jukwaa lenyewe hufyonzwa kidogo kidogo, ingawa aina nyingine hubaki kwa miaka zikiwa zimezungukwa na mfupa mpya. Kazi hiyo haiharakishwi.

Chembechembe hizo zinatoka wapi? Hapa pana jambo ambalo kwetu pwani lina uzito wake, na kliniki nyingi hazilitaji mpaka uulize. Zipo zinazochukuliwa kwa mgonjwa mwenyewe, nyuma ya taya la chini au kidevuni, na kwa upasuaji mkubwa hata kwenye nyonga. Zipo za binadamu aliyefariki na kuchangia viungo vyake, zikasafishwa kiwandani. Zipo za wanyama, hasa ng'ombe, na nyingine za nguruwe. Na zipo zinazotengenezwa kwa madini ya kalisi na fosfeti bila mnyama yeyote. Juu ya chembechembe hufunikwa utando mwembamba unaozuia nyama ya fizi isiwahi kujaza nafasi ya mfupa, na utando huo mara nyingi hutengenezwa kwa ngozi au nyama ya nguruwe au ng'ombe. Mtu anaweza kuhakikishiwa kuwa mfupa ni wa ng'ombe, kumbe utando ni wa nguruwe. Kama wewe ni Mwislamu, uliza vyote viwili kila kimoja peke yake, na uende kwa shehe wako ukiwa na jina kamili la bidhaa. Mhindu asiyetaka cha ng'ombe ana haki ya kuuliza vilevile. Uliza mapema, wiki kadhaa kabla, maana kitu mbadala huenda kikalazimu kuagizwa. Mimi niliuliza, daktari hakuona ajabu hata kidogo, akaniandikia majina kwenye karatasi.

Siku hiyo ya maswali usimfiche daktari chochote. Kisukari kisichodhibitiwa hukawiza kidonda na hukaribisha maambukizi, kwa hiyo nenda na kipimo chako cha wastani wa sukari wa miezi 3. Dawa za kuimarisha mifupa, za vidonge au za sindano, ambazo hupewa wazee wenye mifupa dhaifu na baadhi ya wagonjwa wa saratani, zinaweza kufanya mfupa wa taya ufe ukiguswa. Waliopigwa mionzi kichwani au shingoni wana hatari kama hiyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme, lakini asiziache kwa kujiamulia mwenyewe. Na sigara ni adui mkubwa: hubana mishipa midogo, na mfupa mpya hauwezi kujengeka pasipo damu. Ugoro na tumbaku ya kwenye tambuu navyo haviko salama. Miraa nayo, kwa kutafunwa kwake saa nyingi upande mmoja, haifai mahali penye nyuzi.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kusema juu yake, kwa sababu ni sehemu rahisi kuliko zote. Kwa kazi ya jino moja unachomwa ganzi na unakuwa macho. Unasikia kusukumwa, kuvutwa na mtetemo wa mashine, maumivu husikii, na ukiyasikia inua mkono uongezewe ganzi. Fizi hufunguliwa, chembechembe huwekwa, utando hufunika, fizi hushonwa. Unarudi nyumbani ukiwa umeng'ata pamba.

Siku za mwanzo ndizo zinazotaka utulivu. Damu iliyoganda juu ya kidonda ndiyo kifuniko chake cha kwanza, kwa hiyo siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinyonye kwa mrija. Mate yakijaa, inama uyaache yatiririke. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shavuni kwa vipindi, dakika 15 au 20, kisha upumzike. Lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Uvimbe huongezeka mpaka siku ya pili au ya tatu, halafu huanza kushuka. Mimi asubuhi ya tatu shavu lilikuwa limejaa hata jicho limekuwa dogo, na mama yangu akataka nirudishwe hospitali. Ilikuwa kawaida. Hata kuvilia damu kunakoshuka mpaka shingoni ni kawaida.

Kuanzia siku ya pili, maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, unayazungusha taratibu kwa kugeuza kichwa. Huenda ukapewa pia dawa ya kusukutua ya kloheksidini. Itumie kwa muda ulioandikiwa tu, maana ikizidi hupaka meno rangi ya kahawia. Shangazi na majirani watakuletea karafuu, mwarobaini, majivu na kila walichokirithi. Wapokee kwa heshima, lakini visikaribie kidonda. Mswaki wa mti nao uuweke kando upande ule mpaka nyuzi zitolewe, kwa kawaida kati ya siku 7 na 14.

Chakula kiwe laini na kisiwe cha moto. Uji wa mchele, mtori, viazi vya kuponda, mayai, mtindi, parachichi, samaki aliyechambuliwa miba. Usile supu tupu wiki nzima, mwili unaojenga mfupa unataka protini. Kaa mbali na korosho, bisi, kashata, miwa na pilipili, na zaidi ya hivyo kaa mbali na vitu vyenye mbegu ndogo kama ufuta na mapera, kwa sababu mbegu ikijificha chini ya uzi haitoki kwa ulimi. Kama unafunga Ramadhani, panga upasuaji mbali na mwezi huo. Kazi hii si ya dharura, na wiki ya kwanza unahitaji maji, chakula na dawa kwa saa zake.

Ukiona chembe chache kama mchanga mdomoni usiogope, chache huweza kuchomoka. Zikitoka nyingi, au ukiona fizi imefunguka, piga simu kliniki. Uvimbe unaozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, usaha, ladha mbaya isiyoisha, homa, damu isiyokatika ukishang'ata pamba nusu saa, au ganzi ya mdomo wa chini inayoendelea siku ya pili: yote hayo ni ya kumwona daktari, si ya kwenda kununua vidonge vya antibaiotiki duka la dawa. Na kama uvimbe umeshuka chini ya taya, ukawa unashindwa kumeza au kupumua, usisubiri kliniki ifunguliwe. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo.

Mama yangu naye baadaye alihitaji mfupa, lakini wa juu, nyuma. Huko juu ya magego kuna uwazi wa hewa uliounganika na pua, na gego likitoka, uwazi huo hushuka na kuliachia taya mfupa mwembamba. Daktari huinua ngozi ya ndani ya uwazi huo na kuweka chembechembe chini yake. Masharti yake ni mengine: haruhusiwi kupenga kamasi kwa wiki kadhaa, akipiga chafya aachame mdomo, na safari ya ndege asipange bila kumwuliza daktari. Mama alikuwa na mafua ya vumbi, nikamwomba daktari amtibu mafua hayo kwanza. Kupona kwake kunaweza kufika miezi 6 hadi 9, wakati pengo la kawaida mara nyingi huchukua miezi 3 hadi 6.

Miezi hiyo ndiyo ninayotaka uielewe kuliko yote. Wiki ya tatu unakuwa mzima. Huumwi, hujavimba, unakula ugali. Ndani, mfupa ndiyo kwanza unaanza kushikana. Huu ndio wakati watu hurudia sigara, huvaa meno ya bandia yanayokandamiza fizi palepale, au huacha kwenda kuangaliwa kwa kuwa hakuna kinachouma. Wengine humsukuma daktari aweke skrubu mapema kwa sababu harusi imekaribia. Skrubu ikiwekwa kwenye mfupa ambao haujakomaa inaweza kulegea, na ikilegea hutolewa, na huondoka na sehemu ya mfupa. Msubiri daktari apige picha nyingine aridhike.

Si kila mwenye pengo anahitaji haya. Daraja linaloshikiliwa na meno ya jirani, au jino la kuvaa na kuvua, ni tiba halali kabisa na bei yake kwa kawaida ni nafuu. Wengine mfupa wao unatosha. Na kama jino bado lipo na linang'olewa kesho, mwulize daktari kama inafaa kuweka chembechembe kwenye tundu lilelile mara tu linapotoka. Hazizuii mfupa wote usipungue, lakini hupunguza hasara, na mara nyingi hukuepusha na kazi kubwa ya baadaye. Bima mwandikie barua ikujibu kwa maandishi kabla hujalipa, maana nyingi hulipia kung'oa na haziendi mbali zaidi.

Kabla hujaondoka kliniki, omba kibandiko cha kopo la mfupa na cha utando. Huwa vina jina la bidhaa, kiwanda na namba ya toleo. Vibandike kwenye daftari lako la matibabu pamoja na tarehe. Daktari mwingine akikushika baada ya miaka 10, mji mwingine, atajua kilichomo ndani ya taya lako bila kubahatisha.