Galoni ya nani?

SWALI: Nina dawa ya maji ya kuondolea ukungu ukutani, imetengenezwa Marekani. Lebo inasema "2 fl oz" kwa kila galoni ya maji. Bomba langu la mgongoni ni la lita 16. Nilifungua kitabu cha hesabu alichoniachia baba, galoni ni lita 4.546, nikapata mililita 200. Mdogo wangu kapiga hesabu kwenye simu, kapata 250. Tumebishana siku mbili na ukungu uko palepale. Nani kapatia?
Mwenye Bomba

JIBU: Mdogo wako. Lakini asitambe sana, maana hesabu yako ni safi, ila umeikokotoa kwa galoni ya watu wengine. Kitabu cha baba kinasema galoni ya Uingereza, iliyowekwa kisheria mwaka 1824. Wamarekani wakati huo walikuwa wamekwisha kujitawala, wakabaki na galoni ya zamani ya kupimia divai, tangu enzi za Malkia Anne wa Uingereza: inchi za ujazo 231, yaani lita 3.785.

Haikuishia hapo. Galoni ya Uingereza ina wakia (hizo "fl oz" za lebo yako) 160, ya Marekani ina 128. Wakia zenyewe hazilingani: ya Uingereza ni mililita 28.4, ya Marekani 29.6. Ndiyo maana nyote wawili mlikuwa na uhakika.

Mimi desimali hizo sizigusi kabisa. Wakia 2 kati ya 128 ni sehemu moja kwa 64, na uwiano haujali kama unapima kwa galoni au kwa ndoo. Gawa mililita 16,000 kwa 64: 250 kamili. Fanya hivyo kwa Uingereza, 2 kwa 160, ni moja kwa 80, na 200 yako hiyo hapo. Ungepulizia dawa pungufu kwa moja ya tano.

Jambo moja niliwahi kulipatia aibu. Nilipokuwa kijana niliweka kopo juu ya mizani, nikamimina dawa nzito kama shira hadi mizani ikasoma wakia 2. Nikajiona fundi. Nilipoihamishia kwenye silinda ya kupimia, haikufika hata mililita 50, ilhali nilitakiwa kupata 59. Wakia ya mizani ni uzito, gramu 28.35. Hizo herufi "fl" kwenye lebo yako zinasema ujazo, kwa hiyo mizani iache kabatini.

Vikombe navyo usivitumie: cha Marekani ni mililita 237, na vingine vinavyouzwa ni vya 250.

Chukua jagi lenye mistari, liweke juu ya meza iliyo sawa, inama mpaka jicho likutane na mstari wa 250. Maji yatangulie, nusu ya bomba, ndipo dawa, kisha ujaze taratibu. Ukianza na dawa, povu litafika kwenye mstari wa 16 kabla ya maji.