Kumtumia kitabu mfungwa wa LGBTQ nchini Marekani: kinachopita na kinachorudishwa

Kabla ya kuchagua kitabu, isome barua ya mfungwa hadi mwisho. Wengi hudhani msomaji wa LGBTQ (mpenzi wa jinsia moja au zote mbili, mtu wa transijenda na wengineo) aliye gerezani anataka hadithi za LGBTQ tu. Wapo wanaozitaka kweli, na kwa mtu ambaye hajawahi kukutana na mhusika anayefanana naye, riwaya moja ya aina hiyo ni jambo kubwa. Lakini kinachoombwa sana kwenye magereza ya Marekani ni kamusi. Wengine wanataka vitabu vya sheria, vya kuchora, vya kuanzisha biashara. Mpelekee alichoomba. Kama huna, tafuta kinachokaribiana nacho, si kile kilichokosa mtu rafuni kwako.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni siri yake. Kifurushi hufunguliwa na wafanyakazi wa gereza, na kitabu huonwa na macho mengi kabla na baada ya kumfikia. Jalada lenye upinde wa mvua, alama ya LGBTQ, au wanaume wawili wakibusiana linaweza kumtangaza mtu ambaye hajamwambia yeyote, na gerezani hilo huweza kuleta kipigo au ubakaji. Muulize kwanza, kwa maneno yasiyomfichua: jalada lolote ni sawa, au anapendelea la kawaida? Jina la mtumaji juu ya bahasha nalo lisiwe na neno la kumfichua. Wapo wanaotaka upinde wa mvua uonekane. Uamuzi ni wao, si wako.

Kwa mtu wa transijenda, yaani ambaye jinsia yake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, kuna ugumu zaidi. Juu ya kifurushi andika jina lililo kwenye kumbukumbu za gereza pamoja na namba yake ya mfungwa, hata kama jina hilo linamuumiza. Ukiandika analojiita, kifurushi kinaweza kurudishwa. Jina lake la kweli mwite ndani ya barua, kama amekubali.

Tuma vitabu vya jalada laini. Jalada gumu hukataliwa mahali pengi kwa sababu ni rahisi kuficha kitu ndani yake, na vitabu vya waya hukataliwa kwa sababu ya chuma. Toa stika za bei na karatasi zilizosahaulika katikati ya kurasa; madoa, harufu ya manukato na mistari ya kalamu vinatosha kukikwamisha. Angalia pia nani anaruhusiwa kutuma. Katika magereza ya serikali kuu, yale ya ulinzi mdogo hupokea jalada laini kutoka kwa yeyote, lakini ya ulinzi wa kati na mkali hutaka litoke kwa mchapishaji, klabu ya vitabu au duka la vitabu. Majimbo yana kanuni zake, na hubadilika, kwa hiyo zisome kila mara. Hakikisha pia mfungwa hajahamishwa.

Posta ya Marekani ina huduma nafuu ya vitabu iitwayo Media Mail, mwisho ratili 70 kwa kifurushi. Barua binafsi hairuhusiwi humo. Itume peke yake.

Kitabu kikikataliwa, usinyamaze. Kanuni za serikali kuu zinamkataza mkuu wa gereza kukataa chapisho kwa sababu tu linahusu mambo ya kijinsia au halipendwi na watu. Ni lazima sababu iandikwe, na mtumaji ana siku 20 tangu kupata barua ya kukataliwa kuomba mkurugenzi wa kanda aipitie upya. Picha za uchi ni suala jingine, na hizo hukwama karibu kila mahali.

Waandishi wa LGBTQ wasisahauliwe. Kitabu kilichotumika hakimpi mwandishi malipo yoyote. Ukinunua kipya dukani na duka likakituma moja kwa moja, umetimiza sharti la magereza mengi na mwandishi amepata haki yake. Na mfungwa anayeandika mwenyewe mwelekeze kwa PEN America, shirika la waandishi ambalo lina programu ya uandishi wa wafungwa tangu 1971. Mwambie anakili kila kazi yake kwa mkono na atume nakala moja kwa mtu anayemwamini nje, kwa sababu karatasi hupotea wakati wa upekuzi na uhamisho.