Kabureta ya Beetle: kabla hujashika bisibisi

Naandika hii kwa yeyote aliyenunua Volkswagen Beetle ya zamani na kila akisimama kwenye taa inamzimikia, halafu kila mtu anamwambia badilisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Usibadilishe bado. Yangu ni 1600 ya 1973, nilinunua Nairobi nikaiteremsha mpaka Mombasa na huku ndiko taabu zilikoanza, asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inaanza kumisi, ukikanyaga mafuta inakohoa kwanza ndio iondoke. Fundi wa kwanza alizungusha kila skrubu aliyoiona, siku mbili ikarudi palepale. Wa pili akaniuzia kabureta ya kopi, mpya ndani ya boksi, na hiyo nayo ikawa inafurika petroli. Nikairudia Solex yangu ya zamani, 34 PICT-3, nikaamua nitaifanya mwenyewe polepole.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba kabureta inasingiziwa sana. Kama tapeti, yaani nafasi za valvu, hazijapimwa na pointi za kukatia umeme ndani ya distributa zimekula, hata ufunge kabureta ya dhahabu gari halitatulia. Tapeti pima engine ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku kucha, nafasi ni 0.15 mm, pointi ni 0.4 mm, ukimaliza hapo weka taimingi ya moto wa plagi sawa. Mimi valvu mbili za eksozi zilikuwa karibu hazina nafasi kabisa, na hapo hakuna aliyekuwa ameangalia, wote walikuwa wanakimbilia kabureta.

Halafu tafuta hewa ya wizi. Shika mkono wa throtoli, kile kibati kinachofungua hewa ukikanyaga mafuta, mkono wenyewe ni ule unaovutwa na kebo, uchezeshe juu chini. Wangu ulikuwa unacheza mpaka unasikia kwa kidole, manake kile kishafti kimekula tundu lake na hewa inapita pembeni, na hewa hiyo hakuna skrubu itakayoirekebisha. Nilipeleka kwa fundi wa kukereza vyuma akapanua tundu akaweka bushi za shaba. Ukifanya jambo moja tu katika haya yote fanya hili, na pia badilisha gasketi ya chini ya kabureta.

Kuifungua sio kazi ya kuogopa, skrubu tano juu na kifuniko kinatoka. Ndani kwangu kulikuwa na unga mweupe umeganda chini kama chokaa, ndio hali ya hewa ya chumvi huku pwani na gari kukaa bila kuendeshwa. Piga picha kila hatua, kila jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupimia petroli, iweke kwenye kikombe chake. Nililoweka, nikapiga brashi, nikapuliza upepo wa kompresa kila tundu mpaka nihakikishe unatokea upande wa pili. Na tafadhali usichokoe jeti na waya wala sindano, ile shaba ni laini, ukiikwaruza tu kipimo kimeharibika na hutaona kwa macho. Mimi nilitumia uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba, unapita vizuri na hauumizi kitu. Floti, kile kinachoelea ndani ya bakuli la petroli, itie kwenye maji moto, ikitoa mapovu imetoboka. Diaframu, ule utando wa pampu inayorusha petroli ukikanyaga mafuta, badilisha tu, ukishafunga angalia ndani ya koo la kabureta gari likiwa limezimwa, vuta throtoli, petroli iruke hapohapo kama mkojo wa mtoto, ikichelewa ndio kile kikohozi. Na ile selenoidi, vali ya umeme yenye waya mmoja, washa swichi, chomoa waya na uguse tena, lazima usikie "tak". Usiposikia, gari litazimika kila ukiachia mafuta.

Hapa nisikilize vizuri. Kale kabomba ka shaba petroli inapoingilia kwenye kifuniko kamebanwa tu, hakana nyuzi, na kwa umri huu kanaweza kuchomoka gari likitembea, petroli inamwagika juu ya engine ya moto. Beetle zimeungua kwa sababu hii. Kavute kwa mkono, kakizunguka hata kidogo peleka kakabanwe upya. Mipira yote ya petroli weka mipya na ile filta ya plastiki usiiache iningʼinie karibu na distributa, ihamishie chini upande wa tanki.

Sasa kilichokuwa kinanimaliza mimi. Jeti kuu iko nyuma ya ile bolti ya spana 14 kwenye bakuli, nilipoitoa imeandikwa 120, ndio ukubwa wa tundu lake, wakati kabureta hii kwa kawaida inakuja na 127.5. Mwenye gari wa kwanza hakukosea, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, ukipunguza petroli kule inakuwa sawa. Ukishuka nayo huku hewa ni nzito, petroli haitoshi, engine inachemka na plagi zinatoka nyeupe. Nikatia 127.5, kikohozi kikaisha siku hiyohiyo.

Skrubu ndio za mwisho. Engine iwe na moto, choki, kile kibati cha juu kinachoziba hewa engine ikiwa baridi, imefunguka yote. Skrubu ya mkono wa throtoli iguse tu kikemu chake, kile kipande chenye vingazi, halafu iongeze robo mzunguko, baada ya hapo usiiguse tena, hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Pembeni kuna skrubu mbili, ndogo ya mchanganyiko na kubwa ya hewa. Ile ndogo funga taratibu mpaka mwisho bila kukaza, rudisha mizunguko miwili na nusu. Kubwa zungusha mpaka engine izunguke kama mara 850 kwa dakika. Rudi kwa ndogo, tafuta pale inaponguruma kwa kasi zaidi, ifunge pole pole mpaka mlio ushuke kidogo tu, malizia na kubwa urudi 850.

Nilienda nayo mpaka Mtwapa na kurudi, nikatoa plagi, zote nne rangi ya biskuti. Ile 120 sikuitupa, iko kwenye kikopo ndani ya gari, Desemba tukipanda Nairobi naibadilisha njiani, ni kufungua bolti moja tu na kukinga kitambaa chini.