Re: Inchaji mkali kanigawia chai, asubuhi nimwangalieje?

Habari dada. Nimekuelewa: wewe ni intani wodi ya wazazi, sista inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) anayewatetemesha wote kakugawia chai zamu ya usiku, mkapiga soga hadi alfajiri, na sasa hujui usimame naye vipi.

Shikamoo ibaki palepale, na mbele ya wenzako aendelee kuwa "Sista". Aliyokusimulia yasifike chumba cha kubadilishia nguo. Yakimrudia, hafungui mlango tena.

Kabla ya makabidhiano ya zamu, pitia patografu zako, zile chati za kufuatilia uchungu. Mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Uchungu pia kila nusu saa, ukihesabu ndani ya dakika 10. Kufunguka kwa njia ya uzazi na presha ya mama kila baada ya saa 4. Ukikuta sehemu tupu, sema mwenyewe kwamba hukupima. Usijaze kwa kukisia! Wakali wa aina hii husamehe pengo, uongo hawausamehi, na chai haitakuokoa.

Akikufokea kesho usidhani ukaribu umekufa. Mfuate baadaye mkiwa wawili, umuulize jambo la kazi, mfano anavyokadiria damu iliyopotea. Zawadi acha kwanza. Zamu ijayo chupa ya chai ibebe wewe.