Land Rover 109 ya zamani: injini yake au ya Hilux?

SWALI: Fundi, marehemu baba ametuachia Land Rover 109 Series III ya petroli, ya mwaka 1976. Ipo hapa Lindi. Inatoa moshi, na tukipanda Newala inachemsha. Ikifika kilomita 80 kwa saa inalia sana. Nashauriwa niitoe injini niweke 3L, ile dizeli ya Toyota Hilux. Nifanye hivyo?

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Injini usiitoe bado. Matatizo uliyotaja yana sababu tofauti, na moja kati yake 3L haitaligusa kabisa.

Kabla ya yote, ingia chini na nyundo ndogo. Gonga chesesi, hasa kiunzi cha nyuma na mikono inayobeba bodi. Chumvi ya pwani huila kutoka ndani, rangi ikiwa bado nzuri. Kama inatoa sauti butu au nyundo inazama, pesa ianzie hapo.

Sasa moshi. Injini ikiwa ya moto, toa plagi zote nne, chomoa waya wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho, upime kompresheni silinda moja moja. Zikipishana zaidi ya psi 20, mimina kijiko cha oili kwenye iliyo chini na upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya hedi. Injini hii ya cc 2,286 inachongwa silinda na kuwekewa pistoni za saizi kubwa, kwa hiyo moshi peke yake si sababu ya kuitupa.

Kuchemsha mlimani mara nyingi ni rejeta iliyoziba magadi ya maji ya kisima, au moto wa plagi uliochelewa. Pointi za distributa ziwe milimita 0.35 hadi 0.40, valvu zote 0.25.

Kulia kwenye 80 ni suala la gia. Kwa difu yenye uwiano wa 4.7 na matairi ya 7.50-16, gia ya nne, krenki inazunguka kama mara 2,900 kwa dakika. Funga 3L kwenye gia boksi hiyohiyo, nayo itazunguka 2,900. Dawa ni ovadraivu, yaani gia ya ziada ya mwendo kasi, inayofungwa nyuma ya transfa: mizunguko inashuka hadi kama 2,270, na hukati kitu. Difu za 3.54 za Range Rover wengi huzitaja, lakini ekseli ya nyuma ya 109 yako ni ya aina nyingine, Salisbury. Haziingii bila kubadili ekseli nzima.

Bloku ikiwa imepasuka kweli, ningechagua 200Tdi, dizeli ya Land Rover Defender, kwa kuwa inakaa kwenye nyumba ya klachi ya Series. 3L inahitaji bamba la kuunganishia, na lisipokaa katikati sawasawa, hata kwa nusu milimita tu, beringi ya mbele ya gia boksi inakufa mapema. Dizeli pia haina mvuto wa hewa wa kuendesha sevo ya breki, kile kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga. Kwenye 3L pampu ya vakyumu imo nyuma ya altaneta. Fundi akiweka altaneta nyingine, breki inakuwa ngumu kama jiwe. Namba ya injini mpya ipelekwe TRA ibadilishwe kwenye kadi.

Vishikio vya injini mpya vifungwe kwa bolti, chesesi isikatwe. Injini ya baba ukishaitoa, imwagie oili kila silinda, rudisha plagi, ziba ekzosi na kabureta kwa plastiki, uiweke juu ya mbao, mbali na sakafu.